Neno la Tisa, Kifungu cha Sita

*Mwenye hataza, kwa kila mtu atakayeomba leseni, yu tayari
kuitoa kwa masharti ya haki, ya kiasi, yasiyobagua.*

Nimehesabu kwa ncha ya kalamu: la tisa ni *tayari*.
Siku ya nne leo nimekwama hapo,
feni ya ofisi ya Wakili Shemzigwa
ikinifunulia kurasa ambazo sijazifikia.

Niliapa: sitaongeza, sitapunguza.
Wenye hisa wa kiwanda cha Pongwe,
watu mia mbili na kumi, wengi walikata mkonge,
wanataka kujua kwa lugha yao walichotia saini.
Wanaunda mita za maji. Ndani ya kila mita
mna kidude kidogo kuliko ukucha wa mtoto,
kinazungumza na mnara wa simu,
na namna hiyo ya kuzungumza ina wenyewe.

Wenyewe walikaa mezani, mji wa mbali, wakakubaliana:
mawimbi yapande hivi, yashuke hivi,
kila kifaa kifuate.
Ni kama soko zima kukubali kibaba kimoja,
kisha aliyekichonga asimame mlangoni
adai punje katika kila kipimo.
Si mwizi. Alichonga kweli.
Na aliahidi mbele ya wote kwamba hatakuwa mkali.
Sasa tunabishana ukali unaanzia punje ya ngapi.

Mbaruku, fundi aliyeunda mita ya kwanza, ananiuliza:
"Wameandika *simu za mkononi na vifaa vinavyofanana nazo*.
Mita yangu imekazwa ukutani kwa skrubu nne.
Inafanana na mkono wa nani?"
Nacheka. Wakili hacheki. Anaandika.

Kiambatisho cha pili, wanacholipa wengine,
kimefunikwa wino mweusi, mstari kwa mstari.
Nimetafsiri weusi kwa weusi.
*Yasiyobagua*, nikaandika juu yake,
na mkono haukutetemeka, ila ulisita.

Lakini *tayari*.
Ametoa? Atatoa?
Au amekaa kitako, viatu miguuni, akingoja aitwe?
Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, utoto wa Makorora ukanizidi:

Aliyesema tayari, hajasema ametoa,
Mgeni wampa heri, komeo hujaondoa,
Deni lisilo kadiri, ni nani wa kukomboa?
Ewe kalamu hariri, au wino utapoa.

Nikaufuta. Kiapo hakina vina.

Saa kumi nikashuka Mgandini kununua choroko.
"Uko tayari kuniuzia?" nikamwuliza Bi Mwanamvua.
"Tangu alfajiri."
"Basi nipe."
Akanitazama kama niliyevaa gauni ndani nje.
"Bei hujauliza, kipochi hujafungua, nikupe?
Tayari yangu inangoja tayari yako, mwanangu."
Akanipimia, nikalipa, tukagombana kidogo juu ya mia mbili,
na katika ugomvi ule hakuna aliyevunja ahadi.

Nikarudi ofisini na choroko mkobani.
Nikaliacha neno lilivyo: *yu tayari*.
Chini yake nikaweka maelezo, mistari kumi na mmoja.
Wakili akayasoma amesimama.
"Jaji ataichukia hii."
"Aichukie. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa."
"Na wale wa Pongwe, tuwaambie wameshinda au wameshindwa?"
"Waambie waombe. Kwa barua, wataje bei.
Asiyeomba hatajua kama mlango ulikuwa umerudishwa tu."

Nyumbani, Mabawa, maji hayajatoka tangu juzi.
Mita yangu ipo kando ya geti, ya Pongwe, namba 40618,
taa yake ya kijani inapepesa kila robo saa
ikipeleka habari zangu mnarani
kwa lugha waliyokubaliana mezani:
sifuri. Sifuri. Sifuri.
Nimeinama na ndoo tupu, naitazama.
Na kwa kila sifuri, pengine,
kuna mtu hapa anadaiwa.