Mstari

Lennart, chota maji. Ndoo ile ya bati, si hii inayovuja.
Kesho ni Pasaka, na mawe haya
lazima yaamke yameoshwa nyuso.
Brashi ngumu kwa kuvu, kitambaa kwa majina.
Anza na Dada Hedwig: alipenda usafi kuliko watu.

Hapa Herrnhut hatuzikwi na waume zetu.
Ndugu upande ule wa kilima, dada upande huu,
kila mtu kwa zamu yake, kama walivyofuatana kufa,
kimo kimoja cha jiwe, la tajiri na la mpika supu.
Ekkehard wangu yuko kule, hatua sitini na mbili;
nimezihesabu kwa goti bovu.
Na hapa, baada ya Dada Gudrun, ni nyasi tupu.
Ndipo mstari ulipofika.

Umekuja na karatasi kutoka Basel.
Sindano mara mbili kwa mwaka, umesema,
na seli zangu zitasahau kuzeeka:
miaka mia na hamsini, pengine mia mbili,
na huo, Bibi, ni mwanzo tu.
Umeniwekea alama ya kalamu pa kutia sahihi.

Mchungaji anasema kifo ni adui,
na adui hakaribishwi kiti.
Irmgard anasema sindano ni tunda lile lile,
limebadilishwa ganda.
Wamebishana mpaka kahawa ikapoa.

Mimi sina ujasiri wa Irmgard.
Nina betri chini ya mfupa wa bega
inayougonga moyo wangu unapotaka kusinzia.
Ile niliitia sahihi bila kumuuliza Mungu,
nikamshukuru baadaye,
kama mtu aliyeazima nguo akairudisha imefuliwa.
Na usiku ule, hospitalini Görlitz,
nilimkumbusha Bwana habari za mfalme
aliyegeukia ukuta akalia, akaongezwa kumi na mitano.
Sikuomba kumi na mitano. Niliomba mpaka Jumapili.
Ekkehard alikufa Alhamisi.
Ungekuwa na sindano yako siku ile
ningeiiba.

Kwa hiyo usiseme nakipenda kifo.
Nakuuliza swali la mwanamke anayefua:
ukiirefusha nguo, doa linakwenda wapi?
Nina kinyongo na dada yangu
tangu mwaka ule ulipoanguka ukuta wa Berlin.
Nikipewa karne nzima ya kutubu, Lennart,
nitaanza lini?
Na yule mfagiaji wa maabara yenu,
anayelala kwenye kochi la binamu yake,
naye amewekewa alama ya kalamu?

Umenyamaza. Unasugua jiwe moja tu.
Utalitoboa.

Kuna daftari kwenye droo, chini ya soksi za sufu.
Kwetu kila mtu huandika maisha yake,
yakasomwa siku anayobebwa.
Nimeandika njaa ya baada ya vita, viazi vilivyooza,
Ekkehard na baiskeli yake isiyo na breki,
na Annegret wetu, aliyekaa siku tisa.
Yuko pale, mstari wa watoto. Siku tisa,
na hakuna aliyethubutu kumwita nusu ya mtu.
Nimefika ukurasa wa arobaini na moja, nikaacha nafasi,
maana mstari wa mwisho haujiandikii mwenyewe:
huandikwa na mwingine, kwa mwandiko mwingine,
aseme ulivyokwenda.
Nilikuwa nimekuchagua wewe.

Karatasi yako iko kwenye mfuko wa aproni. Imelowa.
Sijaitia sahihi, sijaichana.
Namfikiria yule aliyeitwa atoke kaburini siku ya nne,
sanda ikimburuza. Alikufa tena, bila shaka.
Mara ya pili aliogopa zaidi, au kidogo?
Hakuna aliyetuandikia.

Suuza brashi. Kesho tutapanda kilima kabla ya jua,
tarumbeta zitalia juu ya ndugu na juu ya dada,
nawe utanishika kiwiko.
Nitasimama kwenye nyasi zile, baada ya Gudrun,
na viatu vyangu vizuri,
nione kama zinanitosha.