Jino Ndani ya Piano

Mimi ni fundi wa piano, mjini Tartu, penye mto na wanafunzi.
Kazi yangu ni kukaza nyaya mpaka ziache kugombana.
Januari moja, mwaka elfu mbili na tatu,
ndani ya piano ya shule ya chekechea nikaokota
kopeki mbili za dola iliyokwisha kufa,
maganda ya alizeti,
na jino la mtoto.

Jino nililirudisha mle mle. Sijui kwa nini.
Usiku nikawasha kompyuta ya kaka yangu Urmas,
modemu ikakoroma kama mtu mwenye mafua,
nikaandika mistari kumi na moja juu ya jino lile
nikaiacha mahali ambapo yeyote angepita.

Mama alizipata kwa jirani.
Mama yangu Hilja, aliyekulia nyumba ambayo kuta zilikuwa na masikio
na masikio yalikuwa na mshahara;
bahasha zilifika zimelambwa mara mbili.
Daftari la baba yake lililiwa na jiko, ukurasa kwa ukurasa,
naye ndiye aliyeshika koleo, miaka saba.
"Sisi tulichoma," akasema. "Wewe unaanika?"
Akakata simu.
Maji nilikwisha kuyavulia nguo,
hata kama yalikuwa maji ya Januari.

Kazini walicheka. Blogu! Neno lenyewe
kama chura aliyedondoka topeni.
Nani anataka kujua umekula nini, Leelo?
Sikuandika nilichokula.
(Mara moja tu. Ilikuwa supu ya biti.)

Miezi minne baadaye Mama akapiga, bila salamu:
"Ile piano ya ukumbi wa zimamoto si nyeusi. Ni ya kahawia.
Kama unaanika, anika kilicho kweli."
Nikasahihisha.

Kisha ukaja msimu wa watu.
Wale wale waliocheka wakauliza inafunguliwaje.
Kijana wa viatu vyeupe alitoka Tallinn
kuniambia nina hadhira,
akanipa makopo sita ya polishi ya mbao
niisifu. Nikaisifu. Ilinuka ndimu na uongo.
Mwaka mzima niliandika nikiwa nimebana tumbo
kama mtu anayepigwa picha.

Halafu wakahama. Siku yenyewe sikuiona.
Unaosha vyombo jikoni, karamu inaendelea,
ukirudi sebuleni umebaki na makoti mawili
yasiyo na wenyewe.
Walikwenda kwenye vioo vidogo, kwa nyuso zinazosema haraka,
vidole vikisukuma juu, juu, juu.
Aliyekutana nami sokoni, "Bado unaandika kule?"
aliuliza kwa sauti ile tunayoulizia wagonjwa.

Bado.
Nyaya hulegea hata kama hakuna anayepiga.

Wiki iliyopita Säde, binti wa Urmas, miaka kumi na tisa,
akavua glavu mezani kwangu:
"Shangazi, nataka ukurasa wangu. Usio na mioyo ya kuhesabu.
Mahali pa sentensi ndefu."
Alisema kama mtu anayetaka kujifunza kufuga nyuki.
Wenzake wanaona ni ushujaa, au ni uzee,
hawajaamua.
Nilikuwa na mawaidha yapata ishirini.
Nikampa chai.

Usiku ule akaandika mara ya kwanza, mistari mitatu,
kuhusu jokofu jeupe la chumba alichopanga,
linavyonguruma sauti ya la, imeshuka kidogo,
na jinsi usingizi unavyomkimbia likinyamaza.

Asubuhi nikachungulia. Wasomaji: wawili.
Mmoja ni mimi.

Mama sasa ana themanini na mbili. Anasema macho yamechoka,
hasomi chochote isipokuwa tarehe kwenye maziwa.

Mchana Säde akabadilisha neno moja.
Jokofu si jeupe tena.
Ni la kijivu.