Tindo ya Nyanzobe

Umeirudisha, Nyanzobe. Mara ya pili sasa.
Umeiweka juu ya fuawe bila salamu,
vumbi la mawe ya Bugarika kwenye kope zako.
Sikuuliza. Ncha ilijieleza.

Ile ya kwanza niliizima kwa maji ya ziwa,
ndoo ya alfajiri kutoka Igogo, imetulia.
Chuma kiliingia chekundu, maji yakaogopa,
yakakivika shuka la mvuke,
na ndani ya shuka kikapoa kivivu,
hapa kigumu, pale laini kama muhogo uliolala.
Siku moja tu jabalini, ncha ikajikunja
ikakusujudia.

Ya pili nikatia chumvi ya Uvinza
mpaka yai likaelea.
Chumvi haina subira na mvuke:
inapasukapasuka juu ya chuma, inachana shuka,
maji yanauma mpaka mfupani.
Tupa iliteleza juu yake kama juu ya kioo. Nikajisifu.
Halafu usiku, kwenye rafu,
bila kuguswa na mtu:
ti.
Ufa mwembamba kuliko unywele.
(Ndiyo. Nilisikia. Nilikuuzia.)

Leo kaa hapo kwenye ndoo uone.
Bapa hili la springi ni la Isuzu iliyobeba pamba
mpaka ikachoka,
na mafuta haya ni ya mbegu za pamba, kutoka kinuni Magu.
Acha nicheke, wamekutana tena.
Nayapasha kwanza. Usishangae:
mafuta baridi ni mazito, yanakumbatia joto;
yakiwa vuguvugu yanatembea, yanalibeba.
Wala tone la maji lisiingie.
Masika yaliyopita bati lilivuja,
nyusi hii ya kushoto haijaota vizuri mpaka leo.

Sumaku ya spika mbovu ikikataa kushika,
pumzi mbili, nazamisha.
Sikia. Si kelele, ni mnong'ono.
Moshi unanuka maandazi.

Narudisha makaani, polepole,
nikisubiri rangi ipande: nyasi kavu,
kahawia,
zambarau inachungulia. Hapo.

Umeigonga kwenye jiwe, umetega sikio
kama anayenunua chungu.
Umegonga tena.
Kisha umeuliza bei
ukinyoosha mkono ule wa kitambaa,
kidole gumba kilichochanwa na kipande cha ile ya pili.

Nimeinama kuvukuta moto
usiohitaji kuvukutwa.