Sababu za Kuomba Nafasi

Fomu inauliza: Kwa nini unataka kusoma
uzamili wa fiziotherapia?
Maneno yasizidi mia mbili.
Ni saa tano usiku, Newala. Umeme umekatika,
simu ina chaji asilimia kumi na tisa
na ukungu wa Julai umeingia hadi sebuleni, haukupiga hodi.

Naandika: Ili kuongeza ujuzi.
Nafuta. Kila mtu kaandika hivyo.

Nimwandike Chilumba, basi,
aliyeanguka akipogolea mkorosho?
Nilimfundisha kukaa, kisha kusimama
katikati ya vyuma sambamba ambavyo si vyuma,
ni mianzi miwili, fundi vitanda alitufungia kwa mipira ya baiskeli.
Akapiga hatua nne.
Ya tano sikuijua.
Niliitafuta kwenye madaftari ya shahada ya kwanza,
kurasa kwa kurasa zenye madoa ya chai.
Haimo.

Au Bi Somoe, kiharusi kilimkuta njia ya kisimani,
ndoo ikamtangulia bondeni.
Nikimwambia, "Kunja vidole," ananitazama
kama nimemwambia akunje vidole vya jirani.
Mpira wa mazoezi uliishiwa pumzi tangu Ramadhani,
tukatumia bibo. Siku moja akalibana
mpaka maji yakamtiririka kiwikoni, yakachafua kanga.
Alicheka upande mmoja wa uso.
Mimi nilicheka pande zote mbili, ya pili kwa niaba yake.

Mume wangu anasema: miaka miwili Dar,
nani atabaki chumba namba sita?
Mganga mfawidhi kauliza hilo hilo,
ila yeye kwa barua yenye mhuri.
Hakuna wa kubaki. Kitafungwa, ufunguo utakaa stoo
pamoja na magongo yasiyo na raba.
Hilo fomu haikuniuliza.

Leo asubuhi nilimwambia Bi Somoe.
Alinyamaza, akaupapasa mkono wake wa kulia
kama mtu anayempoza mtoto wa kufikia.
Kisha: "Nenda, mwanangu.
Ila usikae huko mpaka huu usahau ulichoufundisha."

Asilimia tatu.
Naandika: Nataka kuijua hatua ya tano.
Nahesabu. Maneno matano, yamebaki mia na tisini na tano,
nayo nimeyaacha wazi.
Nabonyeza tuma.
Kiduara kinazunguka,
kinazunguka,
kioo kinakuwa cheusi, namwona humo mwanamke
anayekunja na kukunjua kidole gumba
bila kuambiwa na mtu.