Tofauti: Senti Thelathini na Tano

Kanda zilifutwa zote. Hilo nililijua kabla sijateremka.
Kanda ilikuwa ghali, somo likarekodiwa juu ya somo,
hisabati juu ya jiografia, jiografia juu ya afya ya meno,
mwishowe mpira wa mwaka fulani ukafunika darasa zima.
Kilichosalia cha Runinga ya Elimu ni masanduku arobaini na moja ya risiti
chini ya ghala moja la Eneo la Viwanda,
na mimi, niliyetumwa na glavu za mpira na fomu ya kuteketeza.

Sheria yasema miaka saba. Haya yamekaa thelathini na minane.
Panya wamekagua kabla yangu.

Vumbi kwanza, kisha mwandiko:
wino wa buluu, umelalia kulia kama nyasi baada ya mvua.
P. Kasiva, karani wa masurufu.
Nyanya tatu, Marikiti, kwa somo la sehemu. Sh. 1/20.
Basi naona meza, naona kisu, naona mkono wa mwalimu Ojwang'
ukikata nusu, ukikata robo,
na nchi yote yenye umeme (haikuwa kubwa) imekodoa macho.
Picha haipo. Bei ipo.

Kamba, futi sita, kwa mzingo wa duara.
Yai moja. Yai la pili, la kwanza limeiva chini ya taa.
Mbuzi, kukodi, nusu siku, Kariokor.
Na chini ya mbuzi, ankara ya kusafisha zulia.
Kikaragosi Bwana Herufi: soksi, vifungo viwili, ufundi wa Nzuki.
Vifungo viwili.
Hayo yalikuwa macho.

Shuleni kwetu, Mwala, runinga ililetwa kabla ya umeme.
Mwalimu mkuu aliivika kitambaa cha kufuma
akaweka juu yake kombe la riadha.
Sikuwahi kumwona Bwana Herufi. Namfahamu leo, kwa gharama yake.

Kuna vocha iliyorudishwa na mkaguzi, wino mwekundu:
Maziwa, pakiti moja. Ya nini? Hayamo kwenye bajeti.
Kasiva amejibu pembeni, hajapandisha sauti:
Mtoto wa Kaloleni, mshika ramani. Alizirai. Hakuwa amekula tangu jana.
Mkaguzi hakuuliza tena. Alipiga muhuri,
na muhuri umekwenda upande, kama wa mtu aliyegeuza uso.

Kila mwisho wa Juni, mizania inakataa.
Tofauti, senti thelathini na tano. Imehamishwa mbele.
Mwaka unaofuata, ile ile. Imehamishwa mbele.
Miaka kumi na mmoja anaibeba kama mtoto wa marehemu dada yake.
Angeweza kuitoa mfukoni, nani angejua?
Ameandika kwa penseli, herufi ndogo:
Hesabu yenye kiraka si hesabu.

Na katika sanduku la thelathini na tatu, hundi moja, tarakimu sita.
Risiti haina. Vocha haina.
Kipande cha karatasi tu, kimechapwa: kama ilivyoelekezwa.
Baada ya hapo vocha zinakuwa za mishumaa.
Mishahara, miezi minne, mistari mitupu
aliyoipiga kwa rula, ikae tayari.

Juu, lori limewasha injini. Kiwanda cha karatasi kiko Ruaraka,
kesho haya yatakuwa trei za mayai.
Fomu inauliza: Thamani ya vitu vinavyoteketezwa?
Naandika: haijulikani. Nakata. Naandika: sifuri. Nakata.
Idadi ya masanduku?

Dereva anapiga honi, mara ya tatu hiyo.
Vijana wameshapakia, mmoja anapangusa jasho kwa leja.
Naandika arobaini, natia sahihi, nasukuma moja kwa mguu
nyuma ya mtungi wa kuzimia moto.

Tofauti, sanduku moja.
Imehamishwa mbele.