Jiwe la Mbele

Zipange mezani, Shaame, zote kumi na mbili.
Sogeza hiyo sahani ya muhogo,
fungua dirisha, mwanga wa Tibirinzi uingie ubavuni.
Picha haikaguliwi chini ya taa ya glopu;
taa ya glopu husifu kila kitu.

Hii ya kwanza: upeo wa macho umelala chali
katikati barabara, kama mgonjwa.
Bahari nusu, mbingu nusu,
na wewe uliyesimama Ras Mkumbuu saa moja asubuhi
hujaamua umekwenda kutazama nini.
Amua. Picha ni uchoyo.

Ya pili, mnara wa kaburi.
Umepiga magoti, naona; suruali yako imejua tope.
Jua limepita kwa upande likavihesabu
vishimo vilivyokuwa na bakuli za kaure,
na kila kishimo kimejaa kivuli hadi ukingoni.
Hii sina la kusema. Iweke kando,
usije ukavimba kichwa.

Lakini hizi tano, mwanangu, hizi tano!
Nani kakwambia Pemba ina jangwa?
Najua: shindano linataka jangwa na magofu,
na zawadi ni kamera ambayo mimi na wewe
tukiuza studio hii na bati lake hatuigusi.
Basi ukakesha na kompyuta
ukikamua kijani, tone kwa tone,
ukaupausha mkuyu uliokumbatia ukuta,
majani ukayageuza rangi ya hina ya arusi ya mwaka jana,
ukamwaga mchanga pale ambapo juzi kulinyesha.
Umeikausha Pemba, Shaame.
Msikiti umesimama katika kiangazi
ambacho hakijapata kutokea.

Na hapa, ukingo wa kushoto, umekata.
Usinikatalie: kivuli cha mkia kipo,
mbuzi hayupo.
Palikuwa na mbuzi, na dumu la njano,
na bila shaka mwanamke wa Ndagoni aliyefuata kuni
akakuuliza wewe mtoto wa nani.
Ukawaona ni uchafu wa fremu.
Mbuzi ndiye anayesema ukuta huu
leo asubuhi bado ulikuwa na kazi.

Hapo ndipo nilipofika, sauti juu, kidole kwenye karatasi,
nikifundisha uaminifu kama nilivyoufundisha tangu enzi za filamu,
nilipoiona ya kumi na moja.
Mihrabu kwa nyuma, imezama kidogo katika ukungu,
na mbele, kulia, thuluthi moja kutoka chini,
jiwe.

Mahali pake hasa.
Linalishika jicho lisianguke nje ya picha.

"Vipi, mwalimu? Jiwe limekosea?"

Jiwe lile, Shaame, halikuwa pale.
Mwaka wa themanini na saba, pozi sita zimebaki,
mbele ya mihrabu patupu,
picha inavuja kama pakacha lililotoboka kitako.
Nikaling'oa upande wa kisimani,
nikalibeba kifuani kama mtoto mzito asiyetaka kulala,
nikaliweka. Nikarudi nyuma hatua tisa. Nikapiga.
Nikasema nitalirudisha; halafu mvua,
halafu gari la mwisho, halafu ndoa, halafu miaka.
Filamu yenyewe iliingia mwanga.
Sikupata hata moja.

Sasa jiwe lina ukoga. Mjusi kalimiliki.
Na wale vijana wanaotembeza wageni,
wao husemaje?

"Husema," ukajibu bila kuinua macho,
"hapo ndipo alipokuwa akikaa mwadhini."

Nikanyamaza hadi chai ikafanya utando.
Kisha nikaigeuza picha, nikaandika nyuma kwa penseli:
Mwanga mzuri. Mpango mzuri.
Nikalifuta la pili.
Nikaliandika tena.