Pambizoni kwa Penseli

Nakala ya pili haipo rafuni. Imeazimwa.
Chukua ya kwanza, hiyo safi, haina mwenyewe.

Mwandishi alipanda huku kwetu Svaneti mwezi wa Agosti,
akakaa siku kumi na tisa. Mgeni siku mbili;
ya tatu tulimpa uma wa kukusanyia majani makavu,
akaushika kama kalamu, akatoka malengelenge.
Tulimcheka, tukampenda.
Alikula mikate ya nyama kwa Nazibrola,
akauliza maswali mdomo umejaa.

Miaka minne baadaye riwaya ikaja.
Jaladani mnara wetu wa mawe umezungukwa na theluji,
na theluji yenyewe hakuiona.
Ndani mna mjane. Hana jina, ana "macho ya kale".
Analia siku arobaini. Anakata nywele. Anavaa nyeusi,
maana mila, asema mwandishi, ni jiwe,
na mwanamke wa milimani huzaliwa chini yake.

Nazibrola macho yake yana ukungu.
Mjukuu wake, Mzekala, alimsomea jioni tatu kando ya jiko la kuni.
Jioni ya tatu bibi akasema: Lete penseli. Andika nisemavyo.

Ukurasa wa thelathini na moja:
"Sikulia. Ng'ombe alikuwa anazaa."
Ukurasa wa arobaini:
"Hilo jeusi ndilo gauni langu pekee la sufu.
La dada yangu. Lilinibana kwapani."
Ukurasa wa sitini na sita, pale wanaume wanapoamua kisasi
na wanawake wamepangwa ukutani kama mitungi:
"Chakula cha kikao kile alipika nani?
Nani aliichelewesha chumvi mpaka hasira zikapoa?"
Na penye lile jiwe, neno moja tu:
"Unga."
Unga vipi, bibi?
Unga, mwanangu. Kila nyumba huukanda kwa maji yake.

Mimi ni mtunza maktaba. Kuandika kitabuni ni faini.
Nilimwandikia faini. Akalipa jibini.

Kisha baridi, barabara ikafukiwa na theluji,
nikampelekea Mzekala riwaya nyingine, tafsiri ya karatasi hafifu,
kutoka Chile, jina ambalo bibi alilitamka
kama mtu apigaye chafya.
Hakuna mnara mle. Mna mgodi, mna vumbi la chumvi,
mna mtakatifu wa mbao anayevishwa viatu vipya kila mwaka.
Na mna mke wa mchimbaji
ambaye usiku wa matanga anaiiba bunduki ya shemeji yake,
anaizika chini ya kuku waatamiao,
na asubuhi anamsaidia kuitafuta.

Mzekala aniambia, bibi aliukamata mkono wake ukurasa usigeuke.
Soma tena hapo pa kuku.
Akasoma.
Kikongwe akacheka mpaka akajifuta machozi,
yale yale aliyokopeshwa na riwaya yetu bila kuomba.
Nani kawaambia? akauliza.
Shemeji yangu hata leo anadhani ni wezi wa bondeni.

Kitabu kile kilirudi kisafi, isipokuwa mahali pamoja,
penseli imekandamizwa:
"Bata bukini ni bora kuliko kuku. Bukini huuma."

Sasa unaniuliza nakala ya pili iko wapi.
Kiangazi kilichopita mwandishi alirudi, nywele zimepungua.
Nikamwekea mezani. Akakaa dirishani hadi nikazima taa,
kidole juu ya lile neno la unga.
Akaomba kuiazima.
Nikamwambia, kanuni ni kanuni: si mkazi,
anahitaji mdhamini wa hapa kijijini.

Hii hapa kadi yake. Sahihi ya mdhamini
imevuka mstari, herufi kubwa, zapanda mlima:
Nazibrola.
Miezi kumi na moja sasa. Faini inaongezeka,
na nikienda kwake kudai, ananikatia mkate.